Ndevu za Mtamaiyu

Aliyekuwa akiongoza ratiba ya mazishi aliniita mbele kabla sijamaliza chai yangu, na hakuniita kwa jina. Alisema, "Sasa tumsikie yule dada ambaye marehemu alikuwa akimwita macho yake." Hema zima likageuka. Mimi si mtu wa kuogopa kipaza sauti. Nimewafundisha vijana kazi ya maabara huko Nakuru kwa miaka mingi na najua kuwachekesha watu. Lakini katika safu ya nne, upande wa akina mama wa kanisa, nilikuwa nimeshamwona mwanamke mrefu aliyejifunga leso ya kijani, amekaa wima, mikono mapajani. Nilimtambua kwa ule ukaaji wake kabla sijamtambua kwa uso. Nilisema maneno matatu manne kuhusu Mwalimu Mutethia, kwamba alikuwa mtu wa subira na mimi sikuwa, watu wakacheka kidogo, nikarudi kitini. Chai ilikuwa imepoa. Nikasimama, nikaketi, nikaenda kuuliza choo kiko wapi ilhali sikukihitaji. Nikarudi nikamkuta Akai amekaa vile vile, kama kwamba ana siku nzima ya kunisubiri. Nilijua sitaondoka Isiolo bila kusema naye, na nilijua vilevile kwamba miguu yangu ilikuwa tayari inatafuta njia ya kuelekea stendi.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliotimiza miaka kumi na tisa. Sasa nimepita hamsini, na habari za kwetu, nani alimzaa nani, ninaziacha kando kwa sababu hazina hatia katika jambo hili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yangu yalikuwa ya katikati, hayakumwaibisha mtu wala hayakunipeleka popote. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Wabera nikazunguka duka hadi duka, nikisimama kwenye kila kizingiti kana kwamba nimetumwa kitu na nimekisahau. Nililijua kila bati la mtaa ule. Nilijua ni saa ngapi muuza sukari angefungua na ni saa ngapi angegombana na mkewe. Nilitaka kuondoka Isiolo jinsi mtu anavyotaka kuvua nguo iliyoloa, na ingawa sikujua niende wapi, kutojua huko hakukunipunguzia haraka.

Mwalimu Mutethia alikuwa amestaafu. Alikuwa Mmeru wa upande wa mlimani, mtu wa maabara ya shule ya sekondari maisha yake yote, na alipoacha kazi hakurudi kwao. Alikodi vyumba viwili nyuma ya duka la vyuma akaanza kazi ambayo mtaa mzima uliiona kama wazimu mpole. Alikuwa akikusanya ndevu za miti. Mtu aliyewahi kupanda misitu ya juu, kule ukungu unapokaa asubuhi, amewahi kuziona: nyuzi za kijivu zenye ukijani kidogo, zinaning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee ambaye hana mke wa kumwambia anyoe. Chumba chake cha mbele kilijaa ndevu hizo. Zilikuwa ndani ya bahasha alizokunja mwenyewe kutoka kwa magazeti na karatasi za mitihani ya zamani, bahasha zikiwa ndani ya katoni za mkate, na katoni zimepangwa mpaka kwenye dirisha, hivi kwamba mwanga uliingia kwa kubembeleza. Kulikuwa na meza moja, viti vitatu, kioo cha kukuzia kilichofungwa uzi wa kiatu, wembe, na chupa ndogo za dawa ya macho alizozisafisha ili azitumie kudondoshea maji. Chupa za dawa ya macho hazikuwa zikimwishia. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia pande zote mbili, na rangi zilikuwa zikimtoka moja moja. Alikuwa akiona umbo la kitu, lakini nyekundu na kahawia kwake zilikuwa ndugu. Ndiyo maana aliniajiri. "Mimi nina akili na wewe una macho, mwari," aliniambia siku ya kwanza, akiniita binti kwa Kimeru, "basi tukiungana tutakuwa mtu mmoja mzima." Malipo yalikuwa chakula cha mchana na kidogo cha mwisho wa mwezi, nami ningeifanya bure ilimradi sikuwa kwenye kizingiti cha mtu.

Alinifundisha kwa utaratibu ambao ulinichoma kama upele. Kwanza, aliniambia, ujue huyu si mmea. Ni wawili, kuvu na mwani, wamekodi nyumba moja. Kuvu anajenga kuta, mwani anapika. Ukoo wao wote kitaalamu unaitwa Usnea, lakini kuna vitu vingine vingi vinavyoning'inia kwenye miti na kujifanya ni wao. Basi unalowesha uzi kidogo ulainike, unaushika ncha mbili, unavuta taratibu. Gamba la nje linapasuka, na ndani unaona kamba nyeupe inanyumbuka kama mpira wa kiuno cha suruali. Kamba ikiwepo, ni ndevu za kweli. Kamba isipokuwepo, tupa. Baada ya hapo unaangalia shina lilipoushika mti, ni jeusi au ni jeupe. Unachukua kioo unatafuta chunjua, unatafuta vidoa vya unga. Na mwisho kabisa, ukiwa umeshaandika yote hayo, unachukua wembe safi, unaparua gamba mpaka nyama nyeupe ya ndani ionekane, unadondosha tone moja la yale aliyoyaita maji makali, kostiki iliyoyeyushwa ambayo alikuja nayo kutoka maabara. Halafu unangoja. Huko kungoja ndiko kulikonishinda. Ndevu zilizoota kwenye mitamaiyu, ile mizeituni ya mwituni, juu ya milima ya Leparua hazikubadilika, zilibaki nyeupe. Zile za kwenye mierezi tunayoiita mitarakwa, zinazofanana nazo mpaka mtu aapie, ziligeuka manjano, na baada ya muda wa kuhesabu pole pole mpaka thelathini, zikawa nyekundu kama kutu. "Manjano kwanza," Mwalimu alirudia kila siku, "kisha nyekundu. Ikiruka manjano, kuna kitu kingine kimeingia." Nilikuwa nikijibu ndiyo Mwalimu huku nikichungulia dirishani kati ya katoni mbili.

Aliyetuletea ndevu alikuwa Akai. Alikuwa Mturkana wa Burat, amenizidi miaka mitatu hivi, na alikuwa akipanda milima ya Leparua mara mbili kwa wiki kwa miguu, bila kuhema, na gunia begani. Nusu ya alichochuma aliileta kwa Mwalimu, nusu akaikausha, akaifikicha, akaiuza sokoni kwenye vikaratasi vilivyosokotwa, dawa ya kidonda na ya kuungua. Bibi yake alikuwa amemwonyesha miti. Sharti la bibi lilikuwa moja, kwamba uchume kwa mtamaiyu tu, ile ya mtarakwa inachoma kidonda. Mwalimu alipopima akakuta kwamba kweli ni aina mbili, alifurahi kama mtoto, akamwambia Akai, "Nyanya yako alijua bila chupa." Akai hakuona ajabu yake. Siku alizokuja tulikula watatu: githeri ya Mwalimu, iliyokuwa na mahindi mengi na maharagwe ya kuhesabu, na maziwa ya ngamia aliyoyaleta Akai kwenye kibuyu kilichofukizwa, yana harufu ya moshi wa ule ule mtamaiyu. Akai na Mwalimu walikuwa wakibishana juu ya miti, huyu kwa Kiswahili cha vitabu na yule kwa Kiswahili cha Burat. "Hiyo mti yako iko na baridi upande ya chini, Mwalimu, si ya juu." "Kwa nini ya chini?" "Kwa sababu nimekaa chini yake." Mimi nilikula haraka na kungoja wamalize. Ningekuwa na akili ningesikiliza.

Mwezi wa nane Mama Kendi aliungua mkono. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa soko, muuza mboga na mandazi, mwanamke mkubwa mwenye haki ya aina yake; alimgombeza kila mtu kwa kipimo kimoja. Mafuta ya mandazi yalimrukia kutoka kiwiko mpaka kidoleni. Alipaka unga, akapaka dawa ya meno, na jirani mmoja akamwekea yai. Siku ya pili ndipo alipoweka ndevu za Akai, na siku ya nne mkono ulivimba ukatoa maji. Hakuna aliyelitaja yai. Soko lilianza kusema kwamba Akai amechoka kupanda mlima, kwamba siku hizi anachuma ndevu za mitarakwa ya karibu na kuwauzia watu. Mama Kendi alikuja kwa Mwalimu, mkono umefungwa kitambaa, na nilimsikia vizuri kwa sababu nilikuwa chumba cha ndani nikikunja bahasha. "Mimi sina ugomvi na huyo msichana," alisema. "Kama ni ile yake ya siku zote, basi ni mkono wangu tu, ni mambo ya Mungu, ataendelea kukaa pale. Lakini kama ametuletea ile nyingine kwa uvivu, hawezi kukaa soko yangu. Watu wanaweka watoto hiyo kitu." Mwalimu akamwambia hilo si jambo la kubishana, linapimika. Alete kikaratasi kilichobaki, na Akai awepo.

Wiki ile ile tulikuwa na harusi. Binamu yangu Sofia alikuwa akiolewa Jumamosi, na tangu Jumatatu chumba cha mama mkubwa kilikuwa kimejaa wanawake, uvumba, hina na huruud. Huruud ni bizari ya manjano iliyosagwa laini, ikachanganywa na maji na kupakwa usoni na mikononi mwa bibi harusi ili ngozi ing'ae. Wasomali ndio walioleta jina hilo, lakini pale Wabera sote tulishaifanya yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikoroga. Siku tatu vidole vyangu vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu wiki ya harusi kila msichana mtaani ana vidole hivyo. Alhamisi asubuhi nilikuwa na mikono ndani ya bakuli, wanawake wakimcheka bwana harusi kwa ukimya wake, alipokuja mtu kuniambia ninaitwa kwa Mwalimu, watu wamekusanyika. Nilisuuza mikono kwa maji matupu, nikajifuta kwenye dera, nikakimbia. Nilikuwa na furaha, ninakiri. Kwa mara ya kwanza mwaka ule kulikuwa na chumba kilichojaa watu wanaoningoja mimi.

Walikuwa wamesimama ukutani kati ya katoni: Mama Kendi, wanawake wawili wa kamati, na Akai karibu na mlango, gunia lake limelala miguuni. Mwalimu aliketi mezani, uso ameuinua kidogo kama walivyo watu wanaosikiliza zaidi ya wanavyoona. Ndevu za kwenye kikaratasi zilikuwa zimefikichwa, shina halionekani, kwa hiyo kioo hakingesaidia. Lilibaki tone tu. Nilichambua nikapata uzi mmoja mrefu kidogo. Nikauvuta, kamba nyeupe ikatokea, nikawaonyesha, wakasogea. Wembe ulikuwa mwisho wa meza. Badala ya kuufuata nikaparua gamba kwa kucha, kwa mbwembwe, kama mtu aliyefanya hivyo mara elfu. Nikadondosha. Papo hapo ikawa nyekundu. Haikungoja hesabu, haikupita mahali popote. Tone liligusa na wekundu ukawa hapo. "Mwari?" Mwalimu akauliza. "Nyekundu," nikasema. Akasogeza sikio upande wangu. "Ilianza na manjano?" Watu wote walikuwa wakiniangalia mdomo. Nilidhani labda nilipepesa jicho, labda ilipita haraka, labda maji siku ile yalikuwa na nguvu zaidi. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Sikuwa nimeiona.

Akai alisema, "Mimi nilichuma kwa mtamaiyu. Ile ya siku zote." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina lake. Kisha akasogea mezani, akainama juu ya ule uzi mwekundu, akauangalia muda mrefu, na nikauona uso wake ukianza kumsaliti. "Labda kulikuwa na ukungu," akasema. "Labda nilishika tawi ingine." Mama Kendi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nafasi ya Akai itapewa mtu mwingine kuanzia kesho, na akatoka ameushika mkono wake kama mtoto mchanga. Mwalimu aliandika kwenye daftari, herufi kubwa kubwa ili aweze kuzisoma. Jioni hiyo alinipa barua aliyokuwa ameahidi kwa miezi, ya kunipendekeza kwa chuo kimoja Nakuru, kozi ya maabara. Aliisoma kwa sauti kabla ya kuifunga. Ndani yake kulikuwa na sentensi inayosema kwamba macho yangu hayakosei. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimeishika kifuani, na ningeweza kutembea mpaka Nakuru.

Harusi ikapita. Jumatatu asubuhi niliketi uani na karai, nikiwa na rundo la madera na mataulo yaliyojaa manjano ya huruud. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikasugua doa la kwanza. Likawa jekundu. Kila mwanamke aliyewahi kufua nguo yenye bizari anajua hivyo. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni na sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Nikaangalia vidole vyangu kwenye povu. Vilikuwa vyekundu kwenye kucha. Nilikaa pale huku maji yakipoa, mama mkubwa akapita akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Nilielewa yote kwa pamoja, bizari ya kwenye kucha yangu iliyogeuzwa na maji makali kama ilivyogeuzwa na sabuni, uzi ule, swali la Mwalimu na jibu nililompa. Nilielewa pia kwamba barua ilikuwa ndani ya begi na kwamba chuo kilitaka watu wafike Jumatatu iliyofuata. Nikakamua nguo, nikaanika. Nikajiambia nitasema kesho. Jumanne nilifika mpaka mlangoni kwa Mwalimu, nikamkuta anaimba wimbo wake wa kanisa peke yake akipanga bahasha, nikarudi. Ningekuwa ninasimulia habari za mtu mwingine ningesema aliogopa. Lakini mimi nilikuwapo, na haikuwa hofu tu. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Moyoni nilikuwa nimeshapanda gari, na sikutaka mtu yeyote alisimamishe.

Jumatano Akai alikuja. Mwalimu alikuwa amelala chumba cha ndani, tulisikia pumzi yake. Aliweka mezani mafungu mawili mabichi, akasema hili ni la mtamaiyu, hili ni la mtarakwa, amechuma mwenyewe jana na akahakikisha mara mbili. "Dhaki, mimi sikukuja kwa ugomvi," alisema, akiniita kwa jina. "Nataka unionyeshe. Kama macho yangu imeharibika nataka kujua inaharibika wapi. Weka ile maji nione." Chupa ilikuwa kwenye rafu, mkono mmoja kutoka kwangu. Nilimwambia maji yameishiwa nguvu. Akaiangalia chupa, akaniangalia, akaniamini. Akasema basi nimwonyeshe kwa kioo. Naye akainama, akafumba jicho moja, na mimi, ambaye tangu Jumatatu nilijua, nilichukua fungu lake la mtamaiyu, ndevu nzuri kabisa, zile zile za bibi yake, nikatafuta kitu cha kusema. Kwenye matawi madogo kulikuwa na vidoa vya unga mweupe. Nikasema, "Unaona huu unga? Ukiuona, acha. Hiyo ndiyo inayogeuka." Akaniuliza hata kama ni kwa mtamaiyu. Nikasema hata kama ni kwa mtamaiyu. Alirudia maneno yangu mara mbili ili asiyasahau, akanishukuru, akakusanya mafungu yake. Nilimsikia akisema na mtu nje, sauti yake ya kawaida, kisha hatua zake.

Jumamosi nilisikia kwamba amehama Burat, amekwenda kukaa kwa mama yake mdogo upande wa Leparua. Jumatatu nikaondoka. Miaka yote hii nimefanya kazi na glavu mkononi hata pale ambapo hazihitajiki, na wanafunzi wangu hunitania kwamba nitazikwa nazo. Wakiandika matokeo nawauliza rangi ilipita wapi kabla ya kufika pale ilipofika, nawauliza mpaka wanachoka, na mtu akijibu ndiyo upesi mno namrudisha aanze upya. Watu husema ni ukali. Mwalimu aliondolewa mtoto wa jicho mwaka uliofuata akaona vizuri mpaka kufa, na kila Krismasi alinipigia simu, baada ya simu kuja, kuniuliza kazi yangu inaendaje. Kila mara nilikusudia kumwambia. Safari ya Isiolo si ndefu. Nimekwenda mbali zaidi ya hapo kwa sherehe za watu ambao hata majina yao nimeyasahau. Sina la kujitetea, na nimechoka kulitafuta.

Hema lilipoanza kupungua watu nilimwendea. Alisimama kabla sijafika. "Ejok, Dhaki," akasema, salamu ya kwao, akanipa mkono. Alikuwa amekonda, na mvi zilitokeza chini ya leso. Nilikuwa nimejitayarisha tuanze kwa pole za msiba na habari za watoto, lakini nikayamwaga yote hapo hapo, nimesimama kati ya viti vya plastiki: huruud, kucha, Mwalimu alivyoniuliza, nilivyomjibu, doa kwenye sabuni, Jumatatu. Hakunikatiza. Wanawake wawili walipita na sufuria, akasogea kuwapisha, akarudi mahali pake.

"Hiyo rangi ilikuwa ya mkono yako," akasema mwishowe.

"Ya mkono wangu."

"Haikuwa ya mti."

"Haikuwa ya mti, Akai. Ulichuma sawa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ya safari. "Ulijua Jumatatu. Na mimi nilikuja kwako Jumatano."

"Ndiyo."

"Ukanionyesha ile unga."

Nikasema ndiyo. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeyasikia matusi yake kichwani kwa miaka mingi na nilikuwa tayari kwa kila moja. Yeye alikuwa akiangalia nje ya hema, mahali ambapo vijana walikuwa wakikunja turubai.

"Mimi niliacha kuchuma," akasema. "Niliona macho yangu ni ya uongo. Lakini watu kule walikuwa wanaomba dawa, wanajua ni kazi ya nyanya yangu. Kwa hivyo nikafundisha Naomi, msichana yangu. Nikamwambia vile wewe uliniambia. Iko mtamaiyu tatu hapo nyuma ya boma yetu, karibu, hata mtoto anafika. Ziko na unga. Naomi anazipita. Anaenda mpaka kule juu kwa mawe nyeusi, saa mbili kupanda, saa mbili kurudi, kila wiki. Hata na mimba alizipita."

Nilianza kusema pole.

"Hiyo pole weka kwanza," alisema. "Si mimi nilitembea." Hakuwa mkali. Alikuwa akinieleza tu mambo yalivyo, kama alivyokuwa akimweleza Mwalimu upande wenye baridi wa mti. "Kesho Naomi anaenda. Wewe utaenda na yeye. Mkifika kwa ile mtamaiyu ya kwanza utasimama, utamwambia ni nani alisema ipitwe, na ni kwa nini alisema."

Nikasema nitaenda.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Saa kumi na mbili."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akafika kwenye viatu vyangu vya mazishi, vyeusi, vya kisigino. "Utafute viatu," akasema, akaenda kuwasaidia wenzake kukusanya vikombe.